Shajara ya Mavazi Matatu: Mwaka wa Kushona Nguo za Kale Kisumu

Mpango wa mradi

Kazi niliyojiwekea mwaka huu, kwa saa za jioni na za mwisho wa juma, ni kushona mavazi matatu yaliyovaliwa katika nchi hii ya kando ya Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1880 na 1920 hivi, na kuyashona kwa namna ambayo fundi wa wakati ule angeitambua. Vazi la kwanza ni kanzu, iliyofika Mumias pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. La pili ni sketi na blauzi ya mwanamke wa Kizungu wa mwaka 1901, yaani mwaka ambao reli ilifika hapa Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, na Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji wa reli Ronald Preston, akapigilia msumari wa mwisho mwezi wa Desemba. La tatu ni gomesi, vazi lililozaliwa Uganda ambalo akina mama wa Samia, Bunyala na Busia wanalivaa mpaka leo wakienda harusini, matangani na kanisani.

Kabla ya nguo za dukani kulikuwa na ngozi, shanga, na chieno, kile kishada cha nyuzi ambacho mwanamke wa Kijaluo alikivaa akishaolewa. Sikuviingiza katika mradi huu kwa sababu ufundi wake ni wa kulainisha, kusokota na kufuma, nao unastahili mwaka wake wenyewe na walimu wake wenyewe.

Nimejiwekea masharti. Kitambaa kitakuwa pamba tupu. Zipu haitatumika, kwa kuwa zipu tuliyoizoea ilipata hataza mwaka 1917, na ilichukua miaka zaidi kuingia katika nguo za kawaida. Cherehani inaruhusiwa kwa mishono mirefu ya ndani. Elias Howe alipata hataza ya mashine yake mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851, hivyo kufikia 1901 fundi aliyekanyaga cherehani hakuwa akifanya jambo geni. Kila mshono unaoonekana nje utakuwa wa mkono. Sharti ninalolithamini kuliko yote ni la mwisho: kila kitambaa nitakipunguza upana mpaka yadi moja, yaani inchi 36, kabla ya kugusa kiolezo chochote. Vitambaa vya leo vina upana wa inchi 45 au 60, na anayekata nguo ya kale kwenye kitambaa cha inchi 60 hupata umbo lake bila kupata sababu ya umbo hilo. Naamini kwamba upana wa kitambaa ndio uliokuwa ukichora mitindo, na mwaka huu nataka kulithibitisha jambo hilo kwa mkasi.

Januari

Mwezi wote umekwenda katika kutafuta pamba. Katika soko la Kibuye siku za Jumapili, na katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga, karibu kila jora huitwa pamba, ilhali mengi yamechanganywa na poliesta, na anayeyauza naye ameuziwa hivyo hivyo. Njia ya uhakika ni moto. Naomba kijipande cha ukingo, nachomoa nyuzi chache za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, na chache za mshindio, zinazokatiza kwa upana, kisha naziwasha juu ya sahani, kila fungu peke yake. Pamba huwaka kwa moto wa njano, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Poliesta hujikunyata mbele ya moto, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha tone gumu lisilosagika kwa vidole. Kuzitenganisha nyuzi ni muhimu, kwa maana nimekutana na kitambaa ambacho mtande wake ulikuwa wa poliesta na mshindio wake wa pamba, na kama ningevichoma pamoja nisingejua kipi ni kipi.

Kitambaa nilichokichagua kwa kanzu ni pamba nzito isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa, na ukiitazama kwa karibu unaona vijipunje vyeusi vya maganda ya mbegu vilivyosokotwa ndani ya uzi. Hicho ndicho kitambaa kilicho karibu zaidi na merikani niliyoweza kukipata. Merikani halisi ilifumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa Massachusetts, ikapakiwa na wafanyabiashara wa Salem na kuteremshwa Unguja, ambako ilibadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said tangu mwaka 1833, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitambaa kilichoweza kushindana na merikani huku bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata pamba, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vilijaza pengo hilo, lakini jina likabaki.

Vipimo vya misafara ninavyo ukutani juu ya meza ya kukatia, kwa sababu nitavihitaji: shuka moja ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili; doti moja ilikuwa shuka mbili, yaani yadi nne; na jora lilikuwa yadi 30 hivi. Nimeandika pia kwamba yadi nne ni sentimita 366.

Kitambaa nimekichemsha kabla ya kukikata. Maji ya kwanza yalitoka meupe kwa wanga wa kiwandani, na kitambaa kikapungua urefu zaidi kuliko upana, kama pamba isiyofuliwa inavyofanya siku zote, kwa sababu mtande huvutwa kwa nguvu kwenye kitanda cha kufumia kuliko mshindio.

Februari na Machi

Kanzu imekamilika isipokuwa shada, na imenifundisha mengi kuliko nilivyotarajia kutoka kwa vazi linaloonekana sahili namna ile.

Mumias ndiko nilikoanzia. Mji ule ulikuwa kituo cha misafara iliyokuwa ikielekea Uganda tangu siku za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Msafiri Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 na Askofu James Hannington mwaka 1885, na Waswahili waliopita nao, na waliobaki, walikuja na dini, lugha na mavazi yao. Hadi leo mjini humo wako mafundi wanaoshona kanzu kwa desturi ya wazee wao. Nilimkuta mmoja wao barazani, mzee wa makamo ya babu yangu, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaniitikia, "Marahaba, binti yangu, karibu uketi." Nilipomwonyesha kiolezo nilichokichora kwenye karatasi alikitazama kwa adabu, akakiweka kando, akalikunja shuka lililokuwa karibu naye mara mbili. "Kanzu hukatwa kwa kukunja," alisema. "Karatasi ya nini, na kitambaa chenyewe kinakuonyesha?"

Nilirudi Kisumu nikafanya kama alivyonielekeza, na hesabu ndiyo hii. Kitambaa kina upana wa sentimita 91. Badani, yaani mbele na nyuma, ni kipande kimoja cha mita tatu kinachopita juu ya mabega bila mshono, nacho kina upana wa sentimita 56. Kando yake inabaki kamba ndefu ya sentimita 35. Katika kamba hiyo nilipima mistatili miwili ya sentimita 120 kila mmoja, nikaikata kila mmoja kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, nikapata pembetatu nne ambazo ndizo taharizi, yaani vile vipande vya ubavuni vinavyoipanua kanzu kuelekea chini ili mvaaji apige hatua. Kilichobaki katika kamba hiyo, sentimita 60 kwa 35, kilitoa kaba ya ndani ya shingo, lisani ya mpasuo wa kifua, na sijafu za mikono miwili. Kisha nilihitaji sentimita 60 nyingine za kitambaa kizima: mikono miwili ya sentimita 40 kila mmoja, na ile kamba ya sentimita 11 iliyobaki ukingoni ikatoa vikwapa viwili vya mraba.

Mita tatu na sentimita 60. Doti moja ya merikani ni mita tatu na sentimita 66.

Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa urefu tofauti wa mvaaji, na kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida huangukia pale pale. Sidai kwamba kipimo cha doti kiliwekwa kwa ajili ya kanzu, maana doti ilitumika kwa shuka za kujifunga na kwa malipo ya kila aina. Lakini fundi aliyekabidhiwa doti moja aliweza kumvika mtu mzima kutoka begani hadi kifundoni, na takataka zake zikaenea kiganjani. Hakuna mbunifu aliyekaa akaamua kwamba kanzu iwe pana chini na nyembamba kifuani. Mkato wa mshazari katika kamba iliyobaki ndio ulioamua.

Kwa atakayejaribu, mambo mawili ya ufundi yanahitaji uangalifu. Kila pembetatu ya taharizi ina upande ulionyooka na uzi na upande wa mshazari, na upande wa mshazari hunyumbuka. Pande mbili zilizonyooka huungwa katikati ya ubavu, na ule wa mshazari hushonwa na ukingo ulionyooka wa badani, ili ukingo huo uuzuie usivutike. Baada ya hapo kanzu itundikwe usiku kucha kabla ya kupinda upindo, kwa maana mshazari hushuka kwa uzito wake wenyewe, na upindo uliopindwa mapema huja kuwa na mawimbi. Kikwapa nacho huingizwa kikiwa kimegeuzwa, pembe moja ikielekea mkono na nyingine ikielekea ubavu. Ni kipande kidogo sana, nacho ndicho kinachomwezesha mvaaji kunyanyua mikono bila kanzu nzima kupanda naye. Katika shati la leo tunakata shimo la mkono kwa mviringo ili kupata faida hiyo, na ule mviringo hutupa kitambaa.

Mishono yote ya ndani nimeikunjia kingo zake ili zisichakae. Shingo na mpasuo nimezitarizi kwa uzi mwekundu uliokolea, mishono ya mnyororo ya mstari mmoja, kwa kufuata desturi ya kanzu za Uganda, kwa kuwa njia ya Mumias ilielekea huko.

Aprili

Mvua za masika, na kazi ndogo ndogo. Nguo zilizofuliwa hazikauki, na sindano zikiachwa nje hushika kutu inayoacha alama kwenye kitambaa cheupe, kwa hiyo sasa zinakaa ndani ya kopo lililofungwa. Shada la kanzu limekamilika. Nimenunua nta ya nyuki kwa mama mmoja anayeuza asali ya Kakamega. Uzi wa pamba ukipitishwa kwenye nta mara mbili na kupigwa pasi kati ya karatasi haufungani mafundo wala haunyong'onyei kwenye tundu la sindano.

Mpwa wangu ameijaribu kanzu na kutembea nayo uani. Urefu ni sawa.

Mei hadi Julai

Blauzi na sketi ya 1901 zimechukua miezi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo imekwenda kwenye kifua cha blauzi peke yake.

Mtindo wa wakati ule ulitaka kifua kilichojaa na kuning'inia kidogo mbele juu ya mkanda, kola ndefu iliyosimama hadi chini ya masikio, na sketi iliyobana nyongani na kufunguka kuelekea miguuni. Kifua kilipambwa kwa mikunjo myembamba iliyoshonwa, safu baada ya safu, na mikunjo hiyo ndiyo iliyonifanya nilichague vazi hili. Nimeweka mikunjo 20 mbele, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita tatu. Kwa kuwa kila mkunjo humeza upana wake mara mbili, mikunjo hiyo imekula sentimita 12 za kitambaa, na hii ndiyo sababu mikunjo hushonwa kwanza na kipande cha mbele hukatwa baadaye. Anayekata kwanza hupata blauzi ya mtoto.

Mkunjo mmoja hushonwa hivi. Kwa ncha ya sindano nanyanyua uzi mmoja wa mtande ukingoni mwa kitambaa, nauvuta polepole huku nikisukuma kitambaa nyuma kwa kidole gumba, mpaka uzi utoke wote au ukatike. Ukikatika natafuta ncha yake na kuendelea. Unapotoka huacha njia nyembamba, inayoonekana kama mwanga kidogo ukiinua kitambaa dirishani, nayo imenyooka kuliko mstari wowote wa chaki. Nakunja hapo hapo, napitisha ukucha juu ya mkunjo, naupasha pasi, kisha nashona kwa mishono midogo ya mkono, 10 kwa kila inchi, milimita tatu kutoka kwenye ukingo. Kipimo cha milimita tatu nimekikata kwenye kipande cha kadi ngumu, nacho husogea pamoja na sindano. Melimeli niliyoitumia ni nyepesi mno kiasi kwamba cherehani huimeza kwenye tundu la bamba, hivyo hata nisingekuwa na masharti yangu ningeishona kwa mkono.

Vifungo viko nyuma, kama desturi ilivyokuwa kwa blauzi nyingi za aina hii, na vitundu vyake nimevishona kwa uzi uliopakwa nta. Tundu hukatwa kwanza, kingo zake zikazungushiwa mishono milegevu kuzuia nyuzi zisifumuke, kisha ndipo hufuata mishono ya kitanzi iliyosongamana, kila fundo likikaa juu ya ukingo uliokatwa. Nimefanya majaribio mengi kwenye mabaki kabla ya kugusa blauzi yenyewe, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa tundu ni mahali ambapo kitambaa kimeshatobolewa na hakuna njia ya kurudi.

Kola ndefu huhitaji kitu cha kuisimamisha. Zamani vilitumika vijiti vya taya za nyangumi au vya seluloidi. Mimi nimetumia kamba nyembamba za plastiki za kufungia nyaya, zile zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, nikazikata na kulainisha ncha zake kwa moto. Hili ndilo jambo la kisasa pekee nililoliruhusu katika blauzi hii, nalo limefichika ndani ya kola.

Sketi nimeikata kwa vipande saba: kimoja mbele, viwili viwili kila ubavu, na jozi moja nyuma. Rangi ni buluu iliyokolea. Nila ya kiwandani ilianza kuuzwa na kampuni ya BASF ya Ujerumani mwaka 1897, kwa hiyo buluu ya namna hii ilikuwa inapatikana kwa wingi mpya wakati huo huo reli ilipokuwa ikipanda kutoka Mombasa. Kila kipande kina sentimita 12 kiunoni na 50 chini. Nilipovilaza kwenye kitambaa cha inchi 36, kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, viwili vilienea kwa upana mmoja na kuacha kamba iliyotosha mkanda na bitana ya upindo. Hapo nilisimama kidogo. Ni mkato ule ule wa mshazari wa taharizi: mstatili mmoja unaogawanywa ili sehemu nyembamba ya kipande kimoja ikae kando ya sehemu pana ya mwenziwe. Fundi wa London na fundi wa Mumias hawakupata kuonana, lakini wote wawili walikuwa na kitambaa cha gharama kubwa na upana mdogo, wakafika mahali pamoja. Tofauti ni kwamba sketi hii inafanya hivyo kwa kitambaa cha rangi moja tu. Chenye maua yanayoelekea upande mmoja hakiwezi kugeuzwa, na nusu yake hupotea.

Upindo una mzunguko wa mita tatu na nusu, nao unakaribia ardhi. Ndani yake nimeshona utepe mzito wa pamba unaochungulia kidogo tu chini ya ukingo, kwa sababu wanawake wa wakati ule waliotembea katika vumbi waliuacha utepe uchakae na kuubadilisha, badala ya kupoteza sketi nzima.

Agosti

Koseti. Nilikuwa nimeamua kuiruka, lakini blauzi haikukaa vizuri bila ya kitu chini yake, kwa hiyo nimeshona moja ya mtindo wa mbele iliyonyooka, ulioanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao ulisukuma kifua mbele na nyonga nyuma. Daktari wa Kifaransa Inès Gaches-Sarraute aliutetea akitaka kuondoa mbano tumboni. Nimetumia marudufu nene tabaka mbili na kamba zile zile za plastiki, na matundu ya kupitishia ugwe nimeyashona kwa mkono.

Sifungi koseti hii kwa nguvu, na sioni sababu ya mtu yeyote kufanya hivyo katika joto la Kisumu. Hata ikiwa imelegea hufanya kazi yake: hubeba uzito wa mkanda wa sketi ili usikate kiuno, na huupa mgongo wa blauzi mahali pa kutulia.

Septemba hadi Novemba

Gomesi nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo vazi lililo hai, na kwa sababu mama mkwe wangu, ambaye ni Msamia na amevaa gomesi maisha yake yote, alisema atanifundisha baada ya mavuno na si kabla.

Mapokeo yanasema vazi hili lilibuniwa na fundi Mgoa aitwaye Gomes aliyekuwa na duka Kampala, akiombwa na walimu wa shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, na jina lake ndilo linaloitwa mpaka leo. Kabla ya hapo wanawake wa Buganda walijifunga nguo ya gome la mti wa mutuba chini ya makwapa, mabega yakiwa wazi. Gomesi ikahifadhi ule ufungaji na kuongeza juu yake kaba yenye shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, na mikono mifupi iliyochongoka begani. Kisumu na sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mkoa wa Uganda hadi mwaka 1902, mpaka wa nchi ulipohamishwa, na jamaa za Busia na Samia zikabaki pande zote mbili. Haishangazi kwamba vazi lilivuka bila kuuliza.

Nilipoanza kupima nilitarajia kukuta tena ile hekima ya mshazari. Haimo. Mwili wa gomesi ni kitambaa kizima, kinachotiwa marinda kwenye kaba na kuachwa kianguke hadi chini, na chote kwa pamoja kinafika mita sita. Hakuna taharizi wala vipande vya pembetatu. Upana wote hupatikana kwa kuongeza kitambaa na kukikunja, na mshipi mpana ndio unaokishika. Mwanzoni jambo hili lilinitatiza, kisha nikakumbuka tarehe. Kabla ya reli kila yadi ya kitambaa ilifika huku kichwani mwa mpagazi, safari ya miezi. Baada ya 1901 jora lilipakiwa Mombasa na kushushwa kando ya ziwa, likavushwa kwa meli hadi Uganda. Kanzu ni vazi la kitambaa kilichobebwa na mtu. Gomesi ni vazi la kitambaa kilichobebwa na behewa. Hivyo ndivyo ninavyoona, na nguo mbili hizi zikilala pamoja mezani naiona tofauti hiyo bila kuhitaji kuelezwa.

Hata hivyo gomesi ina uwekevu wake. Kwa kuwa kitambaa hakikukatwa, hakikupotea. Mama mkwe ananiambia kwamba gomesi iliyochakaa mabegani hufumuliwa, na zile mita zote zikatoa magauni ya wajukuu na foronya.

Mabega yamenipa kazi kuliko kaba. Ile ncha hupatikana kwa kukunja kitambaa cha mkono juu ya kipande kigumu kinachotumika kwenye kola, marinda yakikusanywa yote kileleni na si kusambazwa. Mikono yenye mabega yaliyoinuka ilivuma Ulaya katikati ya miaka ya 1890, na nadhani fundi aliyeshonea wateja wa Kizungu alikuwa bado na violezo vyake dukani. Aliyoyafanya nayo yalikuwa yake, kwa sababu mkono wa Kizungu ulishuka hadi kiganjani, na huu unaishia juu ya kiwiko, mahali panapoacha mkono huru kwa kazi.

Somo la kuvaa lilifanyika sebuleni. Kwanza hufungwa kikoyi ndani, ili nguo ya nje isigande mwilini, na kikoyi hicho ndicho kinachoipa nyonga umbo. Nilipouleta mshipi kiunoni mama mkwe alinishika mikono. "Hapana, mwanangu. Huko ni kwa gauni. Gomesi hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, ndipo utembee nayo kutwa nzima." Nikamjibu, "Ndiyo, mama," tukashusha mshipi, na mara marinda ya mbele yakalala sawa na upindo ukanyooka pande zote. Sentimita kumi hivi za kushuka zilibadilisha nguo nzima. Hakuna picha ingenieleza hilo, kwa sababu katika picha mshipi unaonekana uko kiunoni.

Desemba

Mavazi yote matatu yamekamilika na yamefuliwa. Kanzu imeshavaliwa na mpwa wangu katika sherehe ya ndugu zake huko Matungu, na mishono ya kikwapa imestahimili. Blauzi ya 1901 imepigwa pasi kutoka upande wa ndani, juu ya taulo, ili mikunjo isilale bapa, na vifungo vyake vya nyuma bado vinanihitaji nimwite mtu wa kunifunga. Koseti itabadilishwa ugwe, kwa sababu wa sasa ni wa nailoni na hulegea.

Gomesi ameichukua mama mkwe. Ameikagua kaba kwa ndani, akavuta mshono mmoja wa begani kuona kama utakatika, akaniambia niteremshe upindo kwa sentimita mbili kwa kuwa yeye huvaa ndala na si viatu vya kisigino, kisha nimletee kabla ya Krismasi. Upindo huo nimeshaufumua, na kazi ya kuupinda upya itaanza kesho kitambaa kikishatundikwa usiku kucha.